Mkanda wa Fundi Kufuli

Mtaani walimwita Fundi Kufuli, na jina lilimganda hadi mke wake naye akawa anamwita Fundi tu. Kibanda chake kilibanwa kati ya saluni na mashine ya kusaga. Upana wake ulikuwa wa mlango mmoja na mtu mmoja asiyependa kujinyoosha. Mteja akija na kufuli iliyogoma, Fundi huipokea kwa vidole viwili, huigeuzia juani, hufumba jicho moja, huchungulia tunduni, kisha hutoa sauti moja: "Mh." Hapo mteja huanza kujieleza mwenyewe. Kwamba mtoto alitia mchanga. Kwamba yeye mwenyewe alijaribu kwa kisu. Fundi haulizi kitu.

Hiyo tabia ya kugeuzia kitu juani ishikeni vizuri, kwa sababu ndiyo iliyomponza kwanza.

Siku moja aliitwa kwenye klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya mji, kabati lao la chuma lilikuwa limekataa kufunguka. Alilifungua. Pale mezani palikuwa na bastola imefunguliwa vipande vipande, kila kipande kimelala kwenye kitambaa kama vyombo vilivyoanikwa. Fundi aliinama juu yake, akasahau hata kudai ujira. Alikwenda kufungua kabati, akarudi nyumbani na mapenzi.

"Mchezo gani huo?" mke wake aliuliza, huku akimbadilisha mtoto nepi.

"Unasimama. Saa inalia biip. Unatoa bastola kiunoni, unapiga mabango ya karatasi na visahani vya chuma. Unatembea, unachuchumaa, unachungulia dirishani mwa ukuta wa mbao, unapiga tena. Mwisho wanachukua pointi zako wanazigawanya kwa muda wako."

"Na mnampiga nani?"

"Karatasi, mke wangu. Karatasi na visahani."

"Hao karatasi wamewakosea nini?"

Lakini alimwacha aende, kwa sababu alimwona uso wake. Mwanamke aliyeolewa anaujua uso wa mume wake unapokuwa na furaha ya kweli, na hiyo haiji kila siku. Bastola yenyewe hailali nyumbani. Ni ya klabu, inakaa klabuni, kwenye lile lile kabati ambalo sasa linafunguka vizuri sana. Nyumbani alikuwa na bastola ya mbao aliyojichongea, na mkanda.

Kanuni za mchezo huo ni nyingi kuliko za ukweni. Mtutu wakati wote uelekee kwenye tuta la udongo kule mbele. Ukiupitisha upande au nyuma, umefutwa. Kidole kikae nje ya kifyatuo unapotembea, kikiingia, umefutwa. Bastola ikidondoka, umefutwa. Na kufutwa maana yake si kupunguziwa pointi. Unafungasha, unakwenda kukaa kivulini, na ulichokipata tangu asubuhi kinakuwa hewa. Tena bastola yako ikigoma katikati, hakuna wa kukuonea huruma wala kukurudishia zamu. Ihangaikie mwenyewe, saa inahesabu.

Shindano lake la kwanza, bastola iligoma. Ganda la risasi lilibaki limebanwa, halitoki. Fundi wa kufuli, kitu kimegoma mkononi, atafanya nini? Aliigeuzia juani, akafumba jicho moja.

"Simama!" Sauti ya mwamuzi ilitoka kama kengele ya shule. Mwamuzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana, waliyemwita Bi Kanuni, na siku za kazi alikuwa nesi wa meno. "Mtutu umeangalia kivulini kwa watu! Umefutwa."

"Mh," alisema Fundi, kwa mazoea.

"Usinifanyie mh. Fungasha."

Shindano la pili aliapa bastola haitagoma. Aliisafisha, akaipaka mafuta, akarudia mafuta, akaongeza mengine ya akiba. Haikugoma kweli. Iliteleza tu mkononi kama samaki, ikaangukia kwenye changarawe mbele ya kila mtu. Bi Kanuni aliiokota mwenyewe, kwa sababu mchezaji haruhusiwi kuokota bastola aliyoiangusha, akaifuta mikono yake kwenye suruali.

"Hii ungeikaangia vitumbua," alisema. "Umefutwa."

Ndipo katibu wa klabu akamwita pembeni. Alimwambia kwa upole, na huo upole ulimuuma Fundi kuliko ukali. Bastola za klabu ni chache na wanaozingoja ni wengi. Akifutwa mara ya tatu, nafasi yake anapewa mwingine, na ile bastola inakwenda na huyo mwingine.

Fundi alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kitandani bila kuvua viatu. Mke wake alimwekea mtoto mapajani, akaenda jikoni. Alijua mtu mwenye mtoto mapajani hawezi kuhuzunika sawasawa, maana atavutwa pua.

*

Basi yakaanza maandalizi. Fundi alipunguza mafuta mpaka tone moja. Alikagua magazini zote, vile visanduku vya kubebea risasi, akanyoosha midomo ya zile zilizopinda, akaitia alama ya rangi ile moja inayobana ili asiibebe kamwe. Risasi alizikagua moja moja kwa kuzitumbukiza kwenye tundu la kupimia. Isiyoingia kwa ulaini aliitenga. Alijifunza kuondoa ganda lililokwama bila kuangalia: chuma cha juu unakivuta nyuma kwa nguvu, ganda linaruka, unaendelea, mtutu uko palepale kwenye tuta. Alirudia kwa bastola ya mbao hata usingizini mkono wake ulikuwa unavuta shuka.

"Leo nimeamka uchi," mke wake alilalamika. "Umenitoa ganda mara ngapi?"

Rafiki yake wa klabuni, Muuza Magodoro, alimcheka. Huyu alikuwa mtu wa tumbo na kicheko, mwenye bastola yake mwenyewe inayong'aa kama kijiko cha arusi. Tatizo la bastola ile ni kwamba ilichagua risasi kama mtoto mgonjwa anavyochagua chakula. Ukiipa za aina hii, inatema. Ukiipa za aina ile, inazitafuna mbili halafu inanuna.

"Fundi, wewe unakagua mpaka kivuli chako," Muuza Magodoro alimwambia.

"Kitu kinachogoma ni kile ambacho hukukikagua."

Aliyasema hayo kwa kujiamini kabisa, huku amevaa mkanda.

Sasa mkanda wenyewe. Mkanda wa mchezo huo ni miwili. Wa ndani unapita kwenye vitanzi vya suruali, na kanuni inadai vitanzi visipungue vitatu. Wa nje ndio umebeba mizigo: ala, yaani ule mfuko mgumu wa bastola, na vifuko vya magazini. Huo wa nje unagandishwa juu ya wa ndani, na yote miwili hujifunga kwa kunata, upande wa vimiba unashika upande wa manyoya. Hakuna pini, hakuna ndoana. Ukiuvuta unalia: chraaaa!

Na mtoto wao alikuwa hajatimiza mwaka, anaota meno, jioni halali. Hakutaka kubebwa, hakutaka ziwa, hakutaka njuga. Jioni moja Fundi akiwa anavua mkanda, ukalia chraaaa, na mtoto akanyamaza ghafla, macho yakamtoka, halafu akacheka hadi akapaliwa.

Kuanzia hapo ikawa dawa. Mtoto akianza tu kukunja uso, Fundi anakaa kando ya kitanda, mtoto kwenye blanketi lake la manyoya, mkanda umelazwa juu ya blanketi. Chraaaa. Anabandika. Chraaaa. Anabandika. Mama mtu anapata nafasi ya kuoga na kula akiwa amekaa. Alimpenda sana mume wake zile jioni. Hakuna hata mmoja wao aliyeangalia vile vimiba vikijaa nyuzi za blanketi kidogo kidogo, mpaka mkanda ukawa na manyoya kama kiwavi.

Lingine lilikuwa kifungo. Mke wake, ambaye hushona, alimtengenezea suruali ya mchezo, pana makalioni na kiunoni ili aweze kuchuchumaa. Siku mbili kabla ya shindano alimkuta mume wake na wembe, anakata kifungo.

"Unafanya nini na kazi yangu?"

"Kifungo kinausukuma mkanda mbele. Mkanda ukisukumwa, ala inainama. Ala ikiinama, bastola inachelewa kutoka."

"Na suruali itashikwa na nini?"

"Na mkanda."

"Na mkanda unashikwa na nini?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Na suruali."

Mke wake aligeuka akaenda chumbani. Mtoto alikuwa analia.

*

Mama mkwe ndiye aliyetaka kuja mwenyewe. Kwa muda mrefu hakuipenda habari hii ya Jumamosi. Mwanamume anatoka asubuhi amenyoa, amechukua kitambaa safi na kichupa cha mafuta, anasema anakwenda klabu. Klabu!

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "mafuta na kitambaa ni vya karatasi gani hiyo?"

"Mama, anacheza shabaha."

"Hata baba yako alikuwa anacheza bao. Siku moja nikaenda kuliona hilo bao. Lilikuwa limesuka nywele."

Jumamosi ya shindano wakaondoka wote, Fundi na begi lake, mke na mtoto, mama mkwe na uso wake.

Pale uwanjani walipewa vizibo vya masikio, vile vya kuvaa kichwani. Vya mtoto vilikuwa vikubwa kuliko kichwa, akawa kama rubani aliyekasirika. Wakawekwa kivulini nyuma ya kamba, mbali na mstari. Mama mkwe aliyatazama mabenchi ya mbao, akayaona magumu. Bastola ilipotoka begini chini ya macho ya Bi Kanuni na kuingia alani, begi likabaki tupu, laini, limelala. Mama mkwe alilichukua, akalikunja, akalikalia.

Bi Kanuni alipita akiwakagua wachezaji. Alipofika kwa Fundi alipunguza mwendo, kama nesi anavyopunguza akimwona mgonjwa mwenye historia.

"Mafuta?"

"Tone moja."

"Magazini?"

"Safi."

"Vitanzi?" Akavihesabu kwa kidole, vyote viko, mkanda umepita kote. "Kimo cha mkanda, sawa. Ala, sawa. Fundi, leo unanitisha. Sina la kusema."

"Leo sifutwi, Bi Kanuni."

"Usiniahidi mimi. Uahidi mtutu wako."

Muuza Magodoro alimtangulia. Bastola yake inayong'aa ilikula risasi nne, ikanuna. Akaivuta, ikatema, ikanuna tena. Alimaliza akiwa anatweta, jasho limemlowa, akarudi kivulini akisema, "Leo kaamka vibaya," kama anamsemea mke.

Akaitwa Fundi Kufuli.

Mke wake alimbana mtoto kifuani. Alikuwa anamjua: akifutwa leo, Jumamosi zote zilizobaki atakuwa anakaa kibandani anageuza kufuli juani, na ule uso wa furaha hautarudi. Hakuomba ashinde. Aliomba tu asifukuzwe.

"Jaza. Jiandae," sauti ya Bi Kanuni. "Uko tayari?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Subiri..."

Biip.

Bastola ilitoka laini, bila kifungo cha kuisumbua. Pa-pa, karatasi ya kwanza. Pa-pa, ya pili. Pa-pa, ya tatu. Alikimbia hadi ukuta wa mbao, kidole nje, mtutu kwenye tuta, kama amefundishwa na malaika. Mama mkwe alisahau kukunja uso. "Kumbe ni kweli kuna karatasi," alisema.

Ukuta ulikuwa na dirisha la chini. Fundi akachuchumaa, akapiga mbili za dirishani. Na pale kwenye kuchuchumaa, kiuno kikatanuka, vile vimiba vilivyolishwa blanketi jioni zote vikakumbuka kwamba havina nguvu tena. Fundi hakusikia kitu kwa sababu ya vizibo. Alihisi tu upepo mahali ambapo hapakuwahi kuwa na upepo.

Akainuka. Suruali haikuinuka naye.

Aliidaka kwa mkono wa kushoto. Tumshukuru kwa hilo, aliidaka ikiwa bado kwenye makalio. Mkanda wa ndani umeachia, wa nje umeufuata, ala na magazini zinavuta chini kama watoto wanaotaka kwenda nyumbani. Vilibaki visahani vitatu vya chuma upande wa pili. Fundi akakimbia kwa hatua za bata, kushoto ameshika suruali, kulia ameshika bastola, mtutu, Mungu amlinde, kwenye tuta.

"Mbona anakimbia hivyo?" aliuliza mama mkwe.

Mke wa Fundi alikuwa ameuona mwanya kati ya suruali na mgongo, na ghafla aliona blanketi, na mkanda juu ya blanketi, na jioni zote zile alizokuwa akila amekaa.

Fundi akasimama mbele ya visahani. Mkono mmoja. Pa! Ting! Kisahani cha kwanza kikalala. Na bastola ikagoma.

Bastola ya aina ile inataka mikono miwili iishike kwa nguvu. Ukiishika kwa mmoja, tena umelegea kwa sababu akili iko kwenye suruali, chuma cha juu hakirudi vizuri na ganda halitupwi nje. Lilisimama wima pale juu limebanwa, linang'aa, kama kidole kinachomsuta. Hakuna mbinu ya mkono mmoja aliyoifanyia mazoezi. Mazoezi yote yalikuwa ya mikono miwili.

Saa inahesabu. Kulia kuna bastola, kushoto kuna suruali.

Macho ya Fundi yalianza kuinuka kuelekea jua, kwa mazoea ya miaka. Mkono nao ukaanza kidogo tu kufuata macho. Bi Kanuni akavuta pumzi ya kupiga kelele. Kule kivulini mke wake, bila kujua, alimgeuza mtoto uso asione.

Fundi akaushusha mkono. Mtutu kwenye tuta. Kisha akaachia suruali.

Haikuanguka polepole. Ilikuwa na ala, vifuko, magazini na mikanda miwili. Ilikwenda chini kama ndoo iliyokatika kamba. Mkono wa kushoto ukaruka juu, ukavuta chuma nyuma, ganda likaruka, mikono miwili ikafumbata kipini. Pa! Ting! Pa! Ting!

Fundi Kufuli alikuwa amesimama wima, visahani vyake vyote vimelala, suruali iko kwenye vifundo vya miguu, na yuko ndani ya chupi kubwa ya kitambaa cha njano chenye vifaranga vya bata. Kitambaa kilikuwa kimebaki mke wake aliposhona pazia la chumba cha mtoto, na yeye si mtu wa kutupa kitambaa.

"Kama umemaliza," alisema Bi Kanuni, na sauti yake ikakatika. Akakohoa. "Kama umemaliza, toa risasi, onyesha."

Fundi akatoa magazini. Hakuwa na mahali pa kuitia, akaiachia idondoke, magazini inaruhusiwa. Akaonyesha chumba cha risasi kitupu.

"Kama ni tupu, fyatua, rudisha kwenye..."

Wote wawili wakaangalia chini. Ala ilikuwa kule kwenye vifundo vya miguu, imelala chali.

"Naiona," alisema Fundi.

"Usiiname."

"Nilikuwa nauliza tu, nikiinama kidogo..."

"Ukiinama mtutu utaangalia unyayo wako au utaangalia watu. Vyote viwili nakufuta. Usiiname, usichuchumae, usipumue kwa nguvu."

"Basi nivute suruali kwa kushoto."

"Utaivutaje bila kuinama?"

Fundi alitafakari. "Mh," alisema.

"Hapo sasa umeitumia mahali pake." Bi Kanuni alikuwa na machozi chini ya miwani, lakini mkono wake wenye saa haukutetemeka. "Bastola tupu inaweza kuingia begini hapahapa mstarini, mimi nikiona. Leteni begi lake!"

Kivulini watu walianza kutafuta. Chini ya benchi, hakuna. Mezani, hakuna.

"Begi jeusi!" aliita Bi Kanuni. "Jamani, mtu kasimama na bata hapa!"

Mke wake aligeuka polepole. "Mama."

"Abee."

"Umelikalia."

Mama mkwe alijigusa chini, akagutuka. Mke wake angelibeba mwenyewe, lakini mtoto alikuwa amemng'ang'ania shingo kwa zile kelele, na Muuza Magodoro alikuwa ameketi chini, amekumbatia tumbo, hana msaada kwa mtu yeyote. Basi mama mkwe akainuka. Akajifunika mtandio usoni mpaka kwenye pua. Akawageuzia mgongo mkwe wake na uwanja wote, akaanza kwenda kinyumenyume, begi limenyooshwa nyuma yake.

"Kushoto kidogo, mama," Bi Kanuni alimwelekeza. "Kushoto. Huko ni kulia. Mbele, yaani nyuma. Njoo tu."

"Sitazami!" mama mkwe alitangaza. "Msije mkasema nimetazama!"

"Samahani, mama," alisema Fundi bila kugeuka, mtutu kwenye tuta.

"Usiseme na mimi, mkwe wangu! Mimi sipo hapa!"

Bi Kanuni alilipokea begi, akalifungua mbele ya Fundi. Bastola ikaingia, zipu ikafungwa. "Uwanja ni salama," alisema, na ndipo akaruhusu watu kucheka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza.

*

Fundi hakucheka. Aliivuta suruali, akaishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya mwamuzi kama mwanafunzi.

"Sema tu. Nimefutwa?"

Pale nyuma ya kamba mke wake alimbana mtoto zaidi. Bi Kanuni alivua miwani, akajifuta macho, akairudisha. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, ili kila mtu asikie.

"Bastola imeanguka? Haikuanguka. Mtutu umetoka kwenye tuta?"

"Ulitaka kutoka," alisema Fundi, maana alikuwa mkweli hadi anajiumiza.

"Sifuti mtu kwa kutaka. Kidole kimeingia kwenye kifyatuo ukitembea? Hakikuingia. Mkanda?" Akainama, akaangalia kiunoni, ambako sasa suruali ilikuwa mikononi mwa Fundi. "Mkanda uko kwenye vitanzi. Vyote. Kanuni inasema mkanda ushikwe na suruali, na umeshikwa mpaka sasa. Haisemi suruali ishikwe na nini." Akageukia kamba. "Kuna mwenye pingamizi?"

Muuza Magodoro aliinua mkono kutoka chini alikokuwa. "Mimi sina pingamizi. Naomba tu arudie."

"Hajafutwa," alisema Bi Kanuni. "Andikeni matokeo."

Fundi alikuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa Muuza Magodoro na kijiko chake cha arusi. Lakini lilikuwa shindano la kwanza kwa Fundi Kufuli kuwa na matokeo ya kuandikwa, na alisimama mbele ya ubao akiyasoma, mkono mmoja kwenye suruali, uso wake ukiwa na ile furaha. Mke wake aliiona kutoka mbali, akaacha kumbana mtoto.

Walipofika nyumbani mama mkwe alikaa, akavua viatu, akapewa maji, akayanywa yote.

"Haya," alisema. "Hana mwanamke mwingine."

"Umejuaje, mama?" aliuliza binti yake.

"Hakuna mwanamume anayekwenda kwa mwanamke na chupi ile." Akarudisha glasi. "Na wewe ukate vizuri siku nyingine. Yule bata wa nyuma amekaa upande, kichwa kimepotelea kwenye mshono."

Fundi, aliyekuwa mlangoni, akarudi alikotoka taratibu bila kugeuka, kinyumenyume, kama mama mkwe alivyomfundisha uwanjani.

"Mama," alisema mke wake, "si ulisema hukutazama?"

"Sikutazama. Niliona."

Jioni mtoto alikunja uso wake kama kawaida. Fundi aliuchukua mkanda ule ule, akautazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Aliugeuzia kwenye taa, akafumba jicho moja. Vimiba vyote vilikuwa vimejaa manyoya ya blanketi, laini, ya buluu.

"Mh," alisema.

Mke wake akaja akakaa kando yake. "Ni sisi," alisema. "Mimi na huyu. Sisi ndio tumekuvua suruali."

Fundi akaubandika mkanda ule na kuuvuta. Haukulia tena chraaaa kama zamani. Ulitoa kasauti kadogo, fffp, kama mtu anayehema. Mtoto alisikiliza kwa makini, akaona ni kichekesho kizuri zaidi, akacheka hadi wakaja kumpigapiga mgongo. Basi mkanda ule ukawa wake moja kwa moja. Fundi akanunua mwingine, akapiga marufuku usikanyage kitanda.

Kifungo kilirudi. Mke wake alikishona kwa uzi wa viatu, akaongeza cha pili ndani, na kwa sababu alimjua mtu wake, akatia na kamba. Bastola haikuchelewa kutoka hata kidogo. Shindano lililofuata Bi Kanuni alipopita akikagua, aliuliza mafuta, akauliza magazini, akavihesabu vitanzi kwa kidole. Kisha akasimama, jambo ambalo hakumfanyia mchezaji mwingine yeyote, na halimo kwenye kanuni.

"Kifungo?"

"Viwili," alijibu Fundi Kufuli. "Na kamba."

"Jaza," alisema Bi Kanuni. "Jiandae."